Shajara ya Tylo: kugombea mstari kwa kalenda ya Kerbin

Kabla ya mwaka 1, siku 1

Mradi ni mmoja tu. Kwenye jedwali letu la waliotangulia kutua, mistari ya Tylo bado iko mitupu, na mimi nautaka wa tatu: rubani atue, asimamishe chombo, atoke nje, apande tena na kurudi kwenye mzingo (njia ya kuizunguka Tylo angani) akiwa hai. Tunacheza Kerbal Space Program, gemu ya kuunda na kurusha vyombo vya anga, sote toleo lile lile, bila modi za vipuri wala rubani wa kompyuta, vipuri vyote vikiwa wazi tangu dakika ya kwanza.

Kwa ambaye hajawahi kufika huko: Tylo ndiyo mwezi mkubwa kuliko yote inayoizunguka Jool, sayari kubwa ya gesi. Nusukipenyo chake ni km 600, sawasawa na Kerbin yenyewe, sayari ya nyumbani kwenye gemu. Mvutano kwenye uso ni 7.85 m/s², yaani sehemu nne kwa tano za ule wa nyumbani, na hewa hakuna hata ya kupepea bendera. Parachuti ni mzigo wa bure. Kila mita kwa sekunde unayofika nayo ni lazima uilipie kwa mafuta, na ukitaka kuondoka unalipa upya.

Gemu yenyewe ina shirika lake la kubuni, Kerbin World-Firsts Record-Keeping Society, linalokulipa katika hali ya kazi kila unapovunja rekodi. Shida ni kwamba halijui kama kuna mchezaji mwingine yeyote duniani. Kwake kila mtu ni wa kwanza. Ndiyo maana tukatengeneza jedwali letu.

Jedwali linapangwa kwa saa ya ndani ya gemu. Ukitua mwaka 2, siku 300, umemshinda aliyetua mwaka 2, siku 301, hata kama yeye alicheza wiki mbili kabla yako. Naipenda kanuni hii kuliko zote tulizowahi kuwa nazo, kwa sababu mwenye kazi na familia hashindwi na mwenye kukesha. Ila ina tundu: anayecheza mwisho anaziona tarehe za wenzake na kutafuta njia ya kuzipita. Tundu tumeliziba hivi: kabla ya dirisha la kwanza la kwenda Jool (kipindi ambacho sayari zimekaa vizuri kwa safari), kila mtu anamkabidhi mwamuzi faili lake likiwa na chombo kilichokamilika na mpango wa safari. Baada ya hapo hakuna kubadilisha hata boliti.

Kanuni nyingine mbili zinauma. Chombo kisizidi tani 54 kikiwa kwenye mzingo wa km 80 juu ya Kerbin. Na ukishawasha injini za kushukia, F9, kitufe cha kurudi ulikohifadhi gemu, ni marufuku.

Mwaka 1, siku ya 40 na kitu: kutua ni nini?

Ugomvi huu hauishi, na msimu huu umeanza mapema. Jedwali lina mistari minne kwa kila gimba: chombo kisicho na mtu; rubani; rubani na kurudi mzingoni; rubani na kurudi Kerbin. Swali ni la mstari wa kwanza. Chombo kikifika kikalala ubavu, kimetua?

Wanaosema hapana wana hoja, lakini historia ya kweli haiwabebi. Luna 2 iliufikia Mwezi Septemba 1959 kwa kuugonga, na hakuna anayeiita kutua. Heshima ya kutua polepole ilikwenda kwa Luna 9, tarehe 3 Februari 1966, na ile ilikuwa kapsuli ya mviringo iliyotupwa ikadundadunda ndipo ikafunguka na kutuma picha. Januari 2024 chombo cha Japani, SLIM, kilisimama kwa pua, na baadaye jua lilipokipiga upande mwingine kikaamka na kufanya kazi. Mwezi uliofuata Odysseus cha Marekani kikainama ubavu na bado kikatuma data. Vyote viwili vimo kwenye orodha ya vilivyotua.

Msimamo wangu: kama kipo kizima na kinaongea, kimetua. Tukakubaliana sekunde 10 bila mwendo, injini zimezimwa, antena ikiwa na mawasiliano. Kwa mistari yenye kurudi swali hata halipo, kwani ukilala ubavu na mvutano wa Tylo, huondoki.

Mwaka 1, siku ya 90 hivi: hesabu ya kalenda

Hapa ndipo mbio zinapoamuliwa, na ndiyo sehemu niliyoikalia muda mrefu kuliko zote.

Dirisha la Kerbin kwenda Jool linafunguka kila siku 467 hivi za Kerbin (siku ni saa 6, mwaka ni siku 426). Kwa kuwa sote tunaanza siku moja, dirisha la kwanza ni karibu na siku ya 180, Jool ikiwa mbele ya Kerbin kwa digrii 96 au 97. Kila mtu ataondoka wiki hiyo. Tofauti itakuwa njiani.

Njia ya bei rahisi, ile ya nusu duaradufu inayogusa mizingo yote miwili, inataka kama 1,930 m/s kutoka mzingo wa km 80 na inachukua siku 1,123. Unafika mwaka wa 4. Wengi wetu tumeizoea kiasi kwamba hatuiulizi maswali. Nikaanza kuongeza mwendo wa kuondokea kidogo kidogo nione siku zinapungua vipi, na jibu lilinikodoa macho. Kwa 2,200 m/s safari inashuka hadi siku 617. Yaani 270 m/s tu zinanunua siku 500! Ukiongeza 300 nyingine, ukafika 2,500 m/s, unapata siku 506. Nyongeza ya kwanza inanunua mwaka na zaidi, ya pili inanunua siku 111.

Sababu yake si uchawi. Katika njia ya bei rahisi chombo kinafika kwa Jool kikiwa kwenye ncha ya mzingo wake, kinajikokota, na sehemu kubwa ya muda inaliwa na ule mwisho wa taratibu. Ukiisukuma ncha ng'ambo ya Jool, unaupita mzingo wa Jool ukiwa bado na mwendo.

Bili inakuja upande wa pili. Nimepanga kuingia moja kwa moja kwenye mzingo wa chini wa Tylo, nikiikuta inasafiri upande ule ule ninaokwenda, bila kuizunguka Jool kwanza. Kwa njia ya siku 1,123 breki hiyo inataka kama 1,170 m/s. Kwa siku 617 ni 1,770. Kwa siku 506 ni 2,460. Ukijumlisha kuondoka na kufunga breki unapata 3,100, kisha 3,970, kisha 4,960. Hiyo ya mwisho ni karibu 1,000 m/s kwa ajili ya siku 111, na tani 54 ni zile zile.

Nachukua ya katikati.

Mwaka 1, siku ya 130 hivi: chombo

Mshukaji, yaani sehemu inayotua, ana hatua mbili, kila moja na matangi na injini zake, kama vile chombo cha Apollo kilivyoacha miguu yake Mwezini na kuitumia kama jukwaa la kurukia.

Juu: kibanda kidogo cha mtu mmoja, tangi la FL-T400, injini moja ya Terrier. Jumla tani 3.6, delta-v (mabadiliko yote ya mwendo ambayo mafuta yake yanaweza kulipia) 2,730 m/s, na msukumo wake ni mara 2.1 ya uzito wake pale Tylo. Chini: Terrier tatu, kila moja chini ya FL-T400 na FL-T200, miguu mitatu mikubwa. Yote kwa pamoja tani 15.7. Hatua ya chini ina 2,880 m/s na inaanza kushuka msukumo ukiwa mara 1.46 ya uzito. Nilijaribu Terrier mbili. Zinatosha kwenye karatasi, ila unashuka roho mkononi, na mafuta unayodhani umeokoa kwa kuacha injini moja unayamaliza kupambana na mvutano.

Kingine ambacho kwenye picha hakionekani kama cha maana: ngazi. Mkoba wa kurukia wa kerbal, kiumbe anayeendesha chombo, unatosha Mun na Minmus, miezi ya Kerbin, lakini kwa Tylo haumuinui. Rubani akiruka chini bila ngazi inayofika ardhini, amehamia huko. Nimeweka ngazi mbili za kukunjua, na nimehakikisha haziachi pengo mbele ya mlango.

Kinachombeba ni injini nne za Nerv, za nyuklia, sekunde 800 za ufanisi (kipimo cha jinsi mafuta yanavyotumika vizuri). Kwa akiba ya 200 m/s juu ya hesabu, chombo chote kinafika tani 53.5. Kuna aliyeniuliza kwa nini nisiweke Nerv mbili, kila moja ikiwa na uzito wa tani 3, nipate nafasi ya ile njia ya siku 506. Nilipiga hesabu. Kuondoka kwa 2,500 m/s na Nerv mbili kungechukua dakika 16, wakati mzingo mzima wa km 80 ni dakika 31. Ungekuwa unawasha huku umezunguka nusu ya Kerbin, na nusu ya mafuta inasukuma upande usioutaka. Kwa Nerv nne na 2,200 m/s ni dakika 7.

Rubani ni Valentina. Jebediah nimemwacha nyumbani kwa sababu za kiusalama.

Mwaka 1, siku 180

Imeondoka. Dakika 7, pua ikifuata alama, hakuna la kusimulia. Marekebisho madogo ya ulalo baadaye, maana mzingo wa Jool umeinama digrii 1.3 hivi.

Mafaili yalifunguliwa leo na mwamuzi, kwa hiyo sasa tunajuana. Wengi wako kwenye njia ya siku 1,123 na watafika wakati sisi tumeshasahau. Wawili wananihusu. Mmoja ana roboti mwepesi asiye na mtu, na kwa wepesi huo amemudu njia ya haraka kabisa. Huyo mstari wa kwanza ni wake asipoharibu. Wa pili ana rubani ndani ya mshukaji wa hatua moja, wa kwenda tu. Kwa kuwa habebi mafuta ya kupandia, ametumia kama 2,260 m/s kuondoka. Atanitangulia kwa siku chache.

Nilipoona hivyo niliudhika, nikiri. Lakini mstari wa tatu hakuna mwenye chombo chake zaidi yangu na wale wa mwaka wa 4.

Katikati ya njia

Nimefanya mazoezi kwenye nakala ya faili, jambo linaloruhusiwa. Menyu ya Alt+F12 inakuwezesha kumweka mshukaji kwenye mzingo wa Tylo papo hapo.

Nilichojifunza ni kuhusu pembe. Mbinu ninayotumia ni ya kushuka karibu sambamba na ardhi: unawasha kinyume cha mwendo ukiwa chini kabisa, na unainua pua kadiri inavyotakiwa ili kasi ya kushuka isikimbie. Mwanzoni pua iko kwenye upeo, kwa kuwa mwendo wa mzingo wenyewe unakubeba. Ukifika 1,500 m/s unahitaji digrii 16 hivi. Ukifika 1,000, ni 21. Nilitarajia iendelee kupanda hivyo hivyo, lakini kutoka 1,000 hadi 500 inakaa 21 au 22, karibu haitikisiki. Mvutano unarudi, ndiyo, lakini wakati huo huo chombo kinamaliza mafuta na kuwa chepesi, na viwili hivyo vinafutana. Ukilijua hilo unaacha kupapasa vitufe katikati ya mteremko, na macho yako yanabaki kwenye namba moja tu, kasi ya wima.

Mwaka 2, siku 256

Roboti ametua Tylo. Kwa ubavu. Antena juu, sekunde 10 zimepita, picha iko wazi. Ugomvi umerudi kwa saa kadhaa, kisha mwamuzi akasoma kanuni kwa sauti na ukaisha. Mstari wa kwanza umejaa, kwa haki.

Mwaka 2, siku 359

Karatasi ilisema siku 617, tumefika mapema kidogo. Mzingo wa Jool si duara kamili na kipindi hiki uko upande wa karibu na Jua, kwa hiyo njia imefupika yenyewe. Wa hatua moja naye kafaidika vile vile: rubani wake alitua siku 348 na anapeperusha salamu. Mstari wa pili umekwenda.

Breki ya kuingia mzingoni, dakika nne na nusu, mzingo wa km 20. Mlima mrefu kuliko yote hapa unakaribia km 13, kwa hiyo hapo juu uko salama.

Nilichagua upande wa asubuhi. Jua likiwa chini, kila mwinuko unatupa kivuli kirefu na mteremko unajionyesha. Mchana wa saa sita Tylo inaonekana tambarare kote na inakudanganya. Nikamtenganisha mshukaji, nikashusha upande mmoja wa mzingo hadi km 9 juu ya bonde, nikasubiri.

2,160 m/s. Injini tatu. Tani 15.7 zikaanza kupungua kilo 53 kila sekunde. Pua kwenye upeo, kasi ya wima sifuri, kisha hasi 10, nikainua. Digrii 8, 12, 16. Ukingo wa bonde ulipita upande wa kushoto kwa namna ambayo sikuipenda, juu kidogo kuliko nilivyodhani, lakini namba ya altimita ya rada ilikuwa bado na tarakimu nne nzuri. Kwenye 1,000 m/s nikakaa digrii 21 na kuacha mikono itulie. Ilikwenda yenyewe. Kwenye 300 m/s nikaanza kuiachia ishuke, hasi 40, hasi 60, na hapo ndipo chombo kinakuwa na nguvu kupita kiasi, msukumo zaidi ya mara 3 ya uzito, kila kugusa kidogo kwa throtli, kidhibiti cha nguvu ya injini, kunakuwa kofi. Nikapunguza hadi theluthi.

Mita 200 juu ya ardhi kivuli changu kikatokea mbele, kirefu, kikikimbilia miguuni. Kilikuwa kimenyooka, hakijavunjika popote, ndiyo ishara kwamba ardhi ni sawa. 4 m/s, mguu mmoja, miwili, mitatu. Nikazima. Chombo kikainama digrii 5 na kubaki hapo. Mafuta ya hatua ya chini: kama 180 m/s zimebaki.

Valentina akashuka ngazi, akapanda bendera, nikapiga picha saa ya gemu ikionekana, akapanda ngazi. Sikumwacha atembee.

Kupanda: hatua ya chini imeachwa pale pale, Terrier moja, wima kwa sekunde chache kuvuka ukingo, kisha nikailaza mapema kwa kuwa hakuna hewa ya kuogopa. Kama 2,370 m/s hadi mzingo salama. Zilizobaki zimetosha kukifikia chombo mama, kile chenye Nerv kilichobaki mzingoni, na kuungana.

Mwaka 2, siku 361: uamuzi

Mwamuzi amepokea faili na picha. Mstari wa tatu umeandikwa.

Kuna waliosema mstari wa pili nao ungefaa kuja kwangu, eti rubani aliyetelekezwa si wa kuhesabiwa. Nimekataa. Mstari unasema rubani atue, na yule ametua siku 11 kabla yangu, wima, kwa chombo alichokitangaza kabla ya dirisha. Kama tunataka iwe ni kutua na kuweza kuondoka, hiyo ndiyo maana ya mstari wa tatu kuwepo. Kanuni ikianza kubadilika baada ya bendera kupandwa, msimu ujao nitakuwa mimi ninayenyang'anywa.

Kilichobaki

Valentina yuko mzingoni kwa Tylo, na chombo mama kimebaki na akiba ndogo ile ya 200 m/s. Mstari wa nne unataka afike Kerbin. Kutoka mzingo wa chini wa Tylo hadi njia ya bei rahisi ya kurudi ni kama 1,170 m/s, na kwa kuwa mshukaji hayupo tena, chombo kimebaki tani 16 tu. Kinahitaji mafuta yasiyofika tani 3. Sikuyabeba kwa sababu tani 3 kule ni tani 5 na ushee kwenye mzingo wa Kerbin, na nilikuwa na nafasi ya nusu tani.

Dirisha la pili la kwenda Jool ni mwaka 2, siku ya 225 hivi, na lilifunguka wakati sisi tuko njiani. Kanuni inaruhusu chombo cha pili, kwa kikomo kile kile cha tani 54, na meli yangu ya mafuta iliondoka siku hiyo hiyo kwa njia ya haraka. Haina mtu, haishuki popote, kwa hiyo 2,500 m/s imezimudu bila jasho. Itafika mwaka wa 3, siku ya 300 hivi. Wale wa siku 1,123 watafika mwaka wa 4, na wawili kati yao wana mafuta ya kurudi moja kwa moja bila kusubiri mtu.

Sasa napiga hesabu ya kurudi kwa haraka, maana meli ya mafuta imebeba tani 9, na sioni sababu ya kumrudisha Valentina kwa njia ya siku 1,123.